Makopo Mawili ya Kahawia

Mtu anayetaka kupaka nyumba mara nyingi hafiki dukani akiwa na wasiwasi wa rangi. Mambo yalikwisha kuamuliwa nyumbani: kuta za juu krimu, chini kahawia iliyokolea, na milango kahawia vilevile. Wasiwasi huanza muuzaji anapofungua makopo mawili na kuyaweka sambamba mezani.

"Papa, hizi mbili si ni rangi moja?"

"Hapana, mama. Hii ni chokoleti, ile ni maro."

"Tofauti yake ni nini?"

"Ile imekolea kidogo."

Mazungumzo yanakwama hapo. Fundi aliyesimama pembeni atasema zote sawa, na kwake ni sawa kweli, maana malipo yake hayabadiliki. Mama anachukua kopo moja, na wiki mbili baadaye anashangaa mbona ukuta wa sebule, taa zikiwashwa, unaelekea zambarau. Sura hii inajibu swali lake: kahawia mbili zinazofanana zinatofautiana wapi, na utajuaje ipi ni yako?

Ukuta wa Musonoi na vumbi lake

Musonoi ni mtaa uliojengwa na kampuni ya migodi ya Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake, kandokando ya migodi ya Kolwezi. Migodi ya wazi iko jirani, na udongo wa ukanda huu wote ni mwekundu. Wekundu huo unatokana na chuma: mawe yameoza kwa muda mrefu sana chini ya jua na mvua, madini yanayoyeyuka yakasombwa na maji, chuma kikabaki na kushika kutu. Kwa hiyo unachokanyaga njiani ni kutu iliyosagika.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, malori yanapita na kutu hiyo inapaa. Inatua kwenye madirisha, kwenye majani ya miembe, kwenye kila ukingo wa ukuta. Mvua ikianza, Oktoba au Novemba, mambo yanageuka: matone yanaanguka kutoka kwenye bati, yanapiga ardhi na kurusha tope ukutani. Nyumba isiyo na mfereji wa maji kwenye paa inapata mstari mwekundu wa kufika magotini pande zote. Ndiyo sababu nyumba nyingi zimepakwa rangi nzito kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Si urembo tu. Ni ulinzi wa mfuko wa mwenye nyumba.

Hapa ndipo tofauti ndogo kati ya makopo mawili inapoanza kuleta faida au hasara. Watu wengi huamini kwamba kadiri rangi inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyoficha uchafu. Kwa masizi ya mkaa na alama za mikono ni kweli. Kwa vumbi la Musonoi si kweli hata kidogo. Vumbi hili ni jepesi na jekundu, na juu ya kahawia inayokaribia weusi linaonekana kama unga uliomwagika kwenye meza ya kioo. Kahawia ya wastani inayoelekea wekundu, iliyo karibu na rangi ya udongo wenyewe, inalimeza vumbi hilo, na ukuta unaonekana safi wiki tatu baada ya kufutwa. Kwa sehemu ya chini ya ukuta wa nje, mimi ningechagua hiyo bila kusita, hata kama ile nyeusi inapendeza zaidi dukani.

Ndani ya kopo kuna nini

Rangi ya ukutani ina vitu vitatu: kimiminika kinachokauka na kuwa ngozi ngumu, maji au mafuta ya kuilainisha, na unga laini unaoipa sura yake. Unga huo tuuite kitiarangi. Vitiarangi vya kahawia nyingi vinatokana na chuma, yaani ni ndugu wa udongo ulioko mlangoni pako. Chuma kikishika kutu kwa namna moja kinatoa unga mwekundu, kwa namna nyingine wa njano, kwa namna nyingine tena mweusi. Kiwanda kinapima hizo tatu na kuzichanganya, kahawia inatoka. Wakizidisha nyekundu kidogo, unapata chokoleti. Wakizidisha nyeusi, unapata rangi inayokaribia mkaa.

Yeyote aliyewahi kuona tanuru la matofali anaijua kanuni ya moto. Udongo wa kichuguu unaingia ukiwa na rangi hafifu, unatoka mwekundu. Moto umekausha maji yaliyofungwa ndani ya kutu ya njano, na kutu imegeuka nyekundu. Watengeneza rangi wa Ulaya walifanya vivyo hivyo na udongo wa Siena, Italia: mbichi ni wa njano ya giza, uliochomwa ni wekundu wa matofali.

Kuna kahawia ya aina nyingine, ile ya baridi, isiyo na wekundu, ambayo watu husema ina rangi ya gome la mti mkavu. Udongo wake unaitwa umba, na wa Kisiwa cha Kupro ndio uliosifika zaidi. Kinachoipa giza ni manganizi. Madini hayo si mageni kwetu: yako Kisenge, mkoani Lualaba humuhumu, upande wa mpaka wa Angola, na zamani yalikuwa yakisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Kama hujawahi kuyaona, pasua betri ya redio ya aina ya kawaida iliyokwisha nguvu. Unga mweusi unaochafua vidole una manganizi ndani yake.

Kwa hiyo makopo mawili yanaweza kulingana kwa giza huku moja limejaa chuma chekundu na jingine limejaa kitu cheusi. Jicho haliioni tofauti hiyo rangi ikiwa bado ndani ya kopo. Litaiona ukutani.

Mtihani wa kijiko

Kila rangi iliyokolea ina rangi nyingine inayojificha chini yake. Tuiite mwelekeo. Kahawia inaweza kuelekea wekundu, unjano, ukijani, ukijivu au zambarau, na mwelekeo huo ndio utakaoishi nao, kwa sababu hujitokeza mwanga unapopungua au kitu chenye rangi nyingine kinapowekwa karibu.

Njia ya kuufichua ni rahisi, na muuzaji mwenye roho nzuri hatakunyima. Chukua kijiko kimoja cha kahawia ya kwanza, kichanganye na vijiko kumi vya rangi nyeupe ya aina ileile, ya maji kwa maji au ya mafuta kwa mafuta. Fanya hivyo na ya pili kwenye kifuniko kingine. Sasa tazama. Moja itatoka waridi iliyofifia, nyingine itatoka na rangi ya chai ya maziwa au ya majivu. Zile rangi mbili ulizodhani ni moja sasa hata mtoto anazitenganisha.

Wachimbaji wa Kolwezi hawahitaji kufundishwa ukali wa macho wa namna hii. Mtu anayeokota jiwe na kujua kwamba ukijani ule ni shaba na weusi huu wa masizi ni kobalti, tena kwa mwanga wa tochi, tayari ana jicho la kuchagua rangi.

Mweleze mwenye duka pia jambo moja ambalo mafundi wengine hulipuuza. Kahawia iliyokolea haitengenezwi kwa kuanzia kopo la nyeupe. Kopo la nyeupe limejaa titani, kitiarangi cheupe chenye nguvu kuliko vingine vyote, na hata ukimimina chupa nne za rangi ya kuchanganyia, titani itaivuta kahawia yako iwe hafifu, kama si waridi. Viwanda hutumia rangi ya msingi isiyo na nyeupe, au yenye nyeupe kidogo sana. Fundi akikuambia atakutengenezea chokoleti nzito kutoka kwenye ndoo ya nyeupe iliyobaki kwa jirani, mkatalie kwa upole.

Kwa kifupi
Giza la rangi ni jambo moja, mwelekeo wake ni jingine. Linganisha mwelekeo kwanza, kwa kijiko na nyeupe, ndipo uulize ipi imekolea zaidi.

Jirani anavyolidanganya jicho

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Malalamiko yalikuwa yakimfikia kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda ni dhaifu, hazina nguvu. Alizichunguza, akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa kwamba zilifumwa kando ya bluu na zambarau, na ujirani huo ndio uliozififisha. Aliyoyagundua aliyaandika katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1839, na mpaka leo mtu akitaka kulinganisha rangi mbili anaonywa kwanza azitenge na majirani zao.

Kahawia inaumizwa na jambo hili kuliko rangi nyingine, kwa sababu kahawia yenyewe ni ujirani. Hakuna mwanga wa kahawia. Huwezi kununua taa ya kahawia. Unachokiita kahawia ni rangi ya chungwa iliyofifia ikiwa imezungukwa na vitu vyenye mwanga zaidi. Toboa kitundu kwenye karatasi nyeusi, uitazame kupitia hapo kahawia iliyopigwa na jua kali, bila kuona kitu kingine, na itaanza kugeuka chungwa mbele ya macho yako.

Hapo kuna somo kwa wenye krimu juu na kahawia chini. Krimu inayoelekea njano itaisukuma kahawia yako upande wa zambarau. Nyeupe kali itaifanya ionekane nyeusi kuliko ilivyokuwa dukani. Tofali jekundu lisilopakwa, likiwa kando yake, litaiondolea wekundu, na kahawia uliyoichagua kwa joto lake itaonekana imepoa. Kwa hiyo usilinganishe kopo kwa kopo. Linganisha kahawia na kitu ambacho kweli kitakaa nacho: bati, sakafu, kochi, ukuta wa juu.

Unatumia taa gani?

Lualaba ina mabwawa ya Nzilo na Nseke yanayozalisha umeme, lakini nyumba nyingi za Kolwezi zinajua giza la ghafla. Nyumba moja inaweza kuwa na balbu ya njano sebuleni, taa nyeupe ya sola chumbani, na tochi ya simu jikoni. Kila moja itakuonyesha kahawia tofauti.

Sababu yake ni hii. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Balbu ya zamani ya waya ina nyekundu na njano nyingi na bluu kidogo. Taa nyingi nyeupe za sola zina bluu nyingi. Rangi ya ukutani inarudisha tu kile kilichomo katika mwanga unaoipiga, na vitiarangi tofauti hurudisha vitu tofauti. Ndiyo maana kahawia mbili zinaweza kulingana kabisa nje ya duka saa sita mchana na kutengana usiku chini ya taa ya sola, moja ikiwa na joto, nyingine ikiwa kijivu. Si kosa la kiwanda wala la macho yako.

Kahawia yenye wekundu huimarika chini ya balbu ya njano, na chini ya taa ya bluu hupoa na kuwa nyeusi kidogo. Ile ya umba, chini ya taa hiyo ya bluu, hupoteza uhai na kufanana na saruji iliyolowa. Kama nyumba yako inategemea sola kila usiku, hilo pekee lingetosha kuamua.

Tumia makadi, usitumie ukuta. Kata vipande viwili vya karatasi ngumu ya boksi, kila kimoja ukubwa wa gazeti lililokunjwa, uvipake mikono miwili hadi pembeni kabisa bila kuacha mpaka mweupe. Uviache vikauke usiku kucha, maana rangi nyingi za maji hukolea zikikauka. Kisha uvizungushe:

- ukutani palepale panapotakiwa kupakwa, si mezani, kwa sababu ukuta uliosimama hupata mwanga kidogo kuliko kitu kilicholala;
- asubuhi, mchana, na saa kumi na mbili jioni;
- usiku, kwa kila taa iliyomo nyumbani, na simu pia;
- vikiwa vimetengana kwanza, kila kimoja upande wake wa chumba, ndipo baadaye pamoja.

Wenye haraka hupaka mraba mmoja ukutani, juu ya rangi ya zamani. Wanachokiona hapo ni kahawia yao ikibishana na bluu ya mwenye nyumba aliyetangulia.

Giza kiasi gani?

Wenye viwanda wana kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi. Sifuri ni weusi usiorudisha chochote, 100 ni weupe unaorudisha wote. Nyeupe nzuri ya ukutani hufika 85 hivi. Kahawia zilizokolea nyingi ziko chini ya 10. Kati ya kopo lenye 6 na lenye 9 tofauti inaonekana ndogo, lakini la pili linarudisha mwanga mara moja na nusu ya la kwanza. Katika chumba chenye dirisha moja dogo, mara moja na nusu si kitu cha kupuuza. Ndani, kwenye vyumba vidogo, ningeiacha ile ya 6 ikae kwenye mlango na fremu za madirisha, kuta zibaki na rangi nyepesi.

Nje, swali ni jua. Kolwezi iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya kiangazi jua hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama huko hulipata siku nzima. Ukuta wa magharibi nao hulipata kali la alasiri mwaka mzima. Rangi inayokaribia weusi kwenye kuta hizo hugeuza chumba cha ndani kuwa cha moto hadi usiku. Habari njema ni kwamba vitiarangi vya chuma haviogopi jua. Vinavyopauka haraka ni baadhi ya vile visivyo vya chuma, vilivyotiwa kwenye baadhi ya rangi za bei nafuu ili kuzipa wekundu wa kuvutia.

Mng'ao haufai kusahauliwa, ingawa maneno yake ni machache. Rangi ileile ikiwa na mng'ao huonekana nzito zaidi, na isiyo na mng'ao huonekana imepauka. Kabla hujaamua kwamba makopo mawili ni rangi tofauti, hakikisha si kwamba moja ni la mng'ao na jingine ni la kufifia. Mng'ao huonyesha pia kila kasoro ya ukuta, na kwa nyumba zilizo karibu na milipuko ya migodi, ambako nyufa nyembamba hujirudia hata baada ya kuzibwa, kahawia nzito inayong'aa ni kioo cha kuzitangaza.

Lakini kuna sababu ya kutaka rangi inayokubali kufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya makazi. Walikuta kobalti nyingi kwenye mikojo ya wakazi, hasa watoto, na kwenye vumbi la ndani ya nyumba. Vumbi la migodini si la kufagiliwa kavu likapaa tena. Ndani, basi, ningechukua yenye mng'ao wa kati. Na kama nyumba ni ya zamani, usikwangue rangi iliyopo ikiwa kavu: rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi, sumu mbaya kwa watoto. Ilowanishe kwanza.

Shika namba, achana na majina

"Chokoleti" ya kiwanda kimoja inaweza kuwa "mahogani" ya kingine. Mfumo mmoja wa namba unaokutana nao sana, hasa kwenye mabati na milango ya chuma, ni RAL, ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40. Kahawia zake zinaanza na 8. Namba 8017 ni chokoleti. Namba 8016 ni mahogani, nayo ina wekundu zaidi. Namba 8019 ni kahawia ya kijivu, na 8022 ni ile inayokaribia nyeusi kabisa. Bati lako likiwa ni 8017, mwambie muuzaji namba hiyo, usimwambie "kahawia kama ya bati".

Kisha nunua zote siku moja. Nyumba ya mita 8 kwa 7 ina mzunguko wa mita 30. Ukipaka sehemu ya chini kwa kimo cha sentimita 80, ni mita za mraba 24. Lita moja hufunika kama mita 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili inataka karibu lita 5. Kwenye tofali au plasta ya kukwaruza lita moja hufunika labda mita 6, na hapo unahitaji 8. Makopo ya toleo tofauti hutofautiana kidogo hata yakiwa na namba moja, basi yamwage yote kwenye ndoo moja kubwa na kuyakoroga kabla fundi hajachovya brashi. Baki iliyosalia itie kwenye chupa ya kioo, uandike namba na toleo.

Na kama makopo yote mawili yamepita majaribio haya na bado huoni tofauti inayokuhusu, chukua lile ambalo duka linalo kwa wingi, kwa sababu mvua za kwanza zitakurudisha kununua jingine.